Friwili Iliyonyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Kaka kanipa baiskeli! Kanipa kabisa, siyo kuazima. Nilikuwa stoo natafuta mkasi wa akiba wa shangazi, tunaoshonea nguo, nikaigusa tu pale ilipotundikwa, vumbi lote likaniangukia kichwani. Yeye kasimama mlangoni na kikombe cha chai. Akasema ichukue, Kwanini, mimi sina moyo huo tena. Akaondoka zake. Hata hakugeuka.

(Sasa hata mama ananiita Kwanini. Kisa maswali.)

Miezi minane ilikuwa ukutani. Tangu ile asubuhi ya mashindano kwenye yadi ya maghala, watu wamejaa, kaka anaruka na baiskeli kutoka paleti moja ya mbao hadi nyingine – akafika katikati, chini. Kifundo cha mkono kikavunjika. Wenzake wakampa jina: Nusu. Eti karuka nusu. Naye anasema alipata woga, mguu ukagoma. Kasema hivyo mara nyingi mpaka watu wote nyumbani tumeamini.

Nimeishusha. Nyepesi! Haina kiti, haijawahi kuwa nacho. Ni trayo, baiskeli ya mashindano ya kuruka, siyo ya kukaa. Unasimama juu ya pedali, unaruka kutoka kitu hadi kitu, na mguu ukigusa chini umekwisha.

Tairi zote mbili hazina pumzi. Cheni ina kutu. Raba za breki ngumu kama soli. Nina furaha!

Jumanne, 4 Machi

Nimeangalia video kumi na moja za watu wa trayo. Lugha yao sielewi hata neno, lakini mikono naielewa. Kuna mmoja anachukua grainda, ile mashine ya kusaga chuma, anaichuna rimu ya nyuma! Rimu nzima, pale breki inapobana! Nilipiga kelele. Kumbe makusudi – inakuwa na mikwaruzo, raba inang'ata, gurudumu halisogei hata unywele. Breki ya trayo haipunguzi mwendo. Inagandisha.

Baada ya kazi nikaipeleka kwa fundi wa kona. Akaniuliza nani kanidanganya. Nikamwonyesha simu. Akaitazama mara tatu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema haya, wazimu wako tutaufanya taratibu.

Nilipofika alikuwa anajaribu kibaiskeli cha mtoto cha mteja. Yule mtu na mwili ule, na aproni, magoti yanagonga masikio, anazunguka yadi! Nikacheka nikakaa chini. Akasema cheka tu. Hapa kwangu aliyefunga ndiye anayepanda kwanza. Nikikosea mimi, nianguke mimi, siyo mtoto wa mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Breki INANG'ATA. Kidole kimoja tu na baiskeli inasimama kama imepigwa misumari. Ila inalia kama mbuzi. Jirani kachungulia dirishani.

Leo ilikuwa zamu ya gia. Mbele meno kumi na nane, hilo halibadiliki. Nyuma ndiyo kuchagua. Fundi kaniazima tatu. Ya kumi na nne: nzito, nakanyaga na baiskeli inafikiria kwanza. Ya kumi na sita: nyepesi mno, mguu unaisha kabla ya kuruka. Ya kumi na tano – ah! Unakanyaga, inaruka. Kama imesikia jina lake.

Swali: kwa nini friwili, ile gia inayokuacha urudishe pedali nyuma bure, iko mbele, kwenye pedali? Baiskeli nyingine zote iko nyuma. Nimelala chini ya baiskeli nusu saa nikiitazama ndipo nikaelewa. Friwili ni donge, haiwezi kuwa ndogo. Ikikaa nyuma, gia ya nyuma inakuwa kubwa, basi na ya mbele lazima iwe kubwa zaidi, halafu inagonga ukuta ukipanda. Wameihamisha ili kila kitu kiwe kidogo! Mtu aliyewaza hivyo ningempikia chai.

Kaka alipita kutoka kazini. Alijifanya haoni. Halafu akarudi, akabonyeza tairi la nyuma kwa dole gumba. Akasema punguza pumzi, hilo siyo mpira wa miguu, linatakiwa lishike ukingo kama mkono. Nikapunguza. Akabonyeza tena. Bado. Nikapunguza. Haya. Akasukuma usukani mbele kidogo, akafumba jicho moja kuupima. Nikamwambia panda basi ujaribu. Akautazama mkono wake, akasema mimi Nusu bwana, niache.

Lakini alitabasamu alipoushika ule usukani. Nilimwona.

Ijumaa, 7 Machi

Jambo la ajabu. Nilikuwa napiga pasi kola za mashati, simu iko pembeni, video inacheza na siiangalii, naisikiliza tu. Baiskeli zao zinalia! Kila wakirudisha pedali nyuma: trrrrrrr. Kali, kama nyigu ndani ya kopo. Kila video. Wote.

Yangu iko kimya.

Nimerudisha pedali mara mia. Kimya. Laini kama siagi. Mwaka jana kaka aliisifia – imekuwa kama paka, alisema.

Kwa nini zao zinalia?

Jumapili, 9 Machi

Nimeifungua friwili. Kifuniko chake kinafunguka kinyume, nimezungusha upande usiofaa nusu asubuhi huku natukana. Kisha tak! Gololi ndogo ndogo zikamwagika sakafu nzima ya chumba cha kushonea. Sitini na kitu! Nikachukua sumaku ya shangazi ya kuokotea pini nikazifuata chini ya cherehani kama kuku. Shangazi akainua miguu juu bila kuuliza. Anachora tu kwa chaki, miguu hewani.

Ndani kuna vikucha. Vimelazwa duara, kila kimoja na kispringi chake chembamba. Ukikanyaga mbele, vinainuka, vinashika meno, baiskeli inaenda. Ukirudisha nyuma, vinalala vinarukaruka juu ya meno – hiyo ndiyo trrrr! Ule mlio ni vikucha vinagonga! Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufungua, pamoja na redio.

Lakini vyangu vimezama. Grisi ya njano, nzito, imejaa mpaka juu. Nikakilaza kikucha kwa ukucha wangu, nikakiachia. Kikainuka polepole. Kama mtu anaamshwa shule.

Na ndani ya grisi kuna uzi mwekundu. Mfupi, kama urefu wa kidole. Uzi wa kwetu hapa, ule wa sare za zahanati tulizoshona mwaka jana.

Nimeurudisha. Nimefunga kifuniko. Sijasafisha kitu.

Grisi ile niliiweka mimi. Nakumbuka vizuri sana. Ilikuwa siku moja kabla ya mashindano, nikaona inapiga kelele mno, nikadhani imekauka, nikaomba grisi kwa fundi, ile ya magurudumu ya mikokoteni. Nikaisukuma kwa kidole kupitia mwanya wa pembeni, bila kuifungua, mpaka ikajaa. Kaka akaizungusha ikawa kimya, akanibusu kichwani.

Lakini nimeizungusha leo mara hamsini, imeshika mara hamsini. Kwa hiyo siyo hiyo. Si imeshika?

Jumatatu, 10 Machi

Leo kulikuwa na joto. Jana pia. Ile asubuhi ya mashindano kulikuwa na baridi, tulikuwa tunatoa moshi mdomoni.

Nikaitia friwili kwenye friza ya mama, ndani ya mfuko, kati ya mabonge ya barafu. Mama akarudi mapema. Nasikia huko jikoni: kuna chuma ndani ya friji yangu! Kinaumwa homa au kimekufa? Nikamwambia ni jaribio. Akasema jaribio lako liniachie nafasi ya samaki.

Nikaitoa. Nikaishika na kitambaa. Nyuma, kisha mbele kwa nguvu, ghafla, kama mguu unavyokanyaga ukiruka. Mara ishirini, nikiweka alama kwa chaki.

Mara kumi na sita imeshika.

Mara nne ikapita hewa. Hakuna kitu. Mkono wangu ukaenda wote mpaka nikagonga meza.

Nikazihesabu tena zile alama za chaki. Shangazi akauliza kuna nini. Nikamuuliza, grisi ukiitia kwenye cherehani inakuwaje? Akashtuka kana kwamba nimetukana. Grisi! Chuma chembamba kinataka mafuta mepesi, tone moja tu. Ukikipaka grisi umekifunga kamba. Nani kakufundisha hayo?

Hakuna. Nimejifundisha mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Sijamwambia kaka. Asubuhi alikuwa ananyoa. Mchana yuko kazini. Jioni alikuwa anacheka na simu, nikasema asije akaacha kucheka.

Na je, kama ni yote mawili? Woga na grisi? Labda hata bila grisi angeanguka. Sitajua kamwe. Hilo ndilo linanitafuna: kila kitu kingine naweza kukifungua.

Jumatano, 12 Machi

Nimeosha kwa mafuta ya taa, kikucha kwa kikucha, kwa mswaki wa zamani. Gololi zote nimehesabu, hakuna iliyopotea. Mafuta ya cherehani, tone moja kila kikucha. Nikafunga. Nikarudisha nyuma.

TRRRRRRR!

Nyigu! Shangazi akapiga makofi. Nikaitia friza tena (mama yuko sokoni), saa mbili nzima, nikajaribu mara mia. Mia kati ya mia.

Ndipo nikakosa sababu ya kuchelewa.

Kaka alikuwa amekaa ngazini anavua viatu. Nikamwekea mkononi ule uzi mwekundu na tone la ile grisi kwenye kifuniko cha chupa. Nikasema yote. Kwa haraka, kama nasoma. Friza, nne kati ya ishirini, baridi ya ile asubuhi, kidole changu. Nikasema mguu wako haukugoma, kaka. Nadhani ulikanyaga ikapita hewa.

Akautazama ule uzi. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Halafu akasema: nilikanyaga.

Nikaketi ngazi ya chini yake.

Akasema, nilikanyaga, nilijua nimekanyaga. Niliwaambia siku ile ile pale chini, mguu ulienda. Wakacheka. Nikarudia, wakacheka zaidi. Baadaye nikaona ni rahisi kusema niliogopa. Na ukisema kitu miezi minane…

Akakiweka kiatu chini. Akaniuliza, siku ile kabla hujanirudishia uliipanda wewe? Hata mara moja? Nikasema hapana. Nilipiga magoti nikaizungusha kwa mkono tu.

Akavaa kiatu tena akatoka.

Alhamisi, 13 Machi

Hasemi nami. Chumvi kaiomba kwa mama na ilikuwa mbele yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya mazoezi uani. Kuruka kutoka paleti hadi paleti, upana wa pengo nimeupima kwa futi ya kamba ya shangazi: sentimita tisini, nimeweza. Mia, nimeweza mara tatu kati ya nne. Mia na kumi sijaweza.

Kumbe siri siyo nguvu. Ni kusubiri. Unasimama juu ya gurudumu la nyuma, breki imeng'ata, unahisi uzito unaanguka mbele – hapo, hapo hasa, unaachia breki na kukanyaga kwa pamoja. Ukiwahi huna kitu. Ukichelewa huna kitu. Nataka kujua mwili unajuaje wakati wenyewe. Unajuaje?

Kaka alikuwa dirishani. Pazia lilitikisika.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nimekaa juu ya ndoo, yadi ya maghala, daftari gotini. Sijui kwa nini nimelibeba. Najua. Kalamu inanituliza.

Asubuhi kaka akagonga mlango wangu. Maneno ya kwanza tangu Jumatano: lete baiskeli. Tukatembea mpaka hapa, yeye mbele, mimi naisukuma, inalia trrrr njia nzima. Njiani tukampitia fundi, akafunga duka akatufuata na aproni yake. Nadhani walishaongea.

Wenzake wa zamani wako hapa, wanne. Mmoja akapaza sauti, ohoo, Nusu karudi kumalizia nusu nyingine! Kaka akampita. Akazivuta paleti mbili, akazipanga moja huku, moja kule, akarudi nyuma akaangalia, akasogeza moja kwa mguu. Nikatoa futi. Mia na thelathini. Ni ile ile ya siku ile. Anakumbuka mpaka alama za saruji.

Nikadhani atapanda. Nikamshikia baiskeli. Akaiinamia, akaweka sikio karibu na pedali, akairudisha nyuma polepole. Trr. Trr. Trr. Akafumba macho. Akasikiliza kama mtu anayesikiliza tumbo la mjamzito. Akabonyeza tairi. Akavuta breki. Kila kitu alikigusa, na kila alichokigusa akakiacha kama nilivyokifunga.

Kisha akavua kofia ngumu yake, ile yenye ufa wa siku ile, akanivika mimi. Akanifunga kamba chini ya kidevu, akabana mpaka nikasema aah.

Akasema: aliyefunga ndiye anayepanda kwanza.

Fundi akatazama pembeni. Mwongo mkubwa, alikuwa anatabasamu.

Nikasema kaka, mia na kumi sijaweza. Akasema najua, nilikuwa dirishani. Unakanyaga mapema. Nikamuuliza, na nikianguka? Akanionyesha mkono wake, akaugeuza huku na huku, kile kifundo kinavyogoma mwisho. Akasema nitasimama chini pale katikati. Mimi pale katikati napajua.

Nikaomba dakika mbili za kuandika. Wale wanne wakacheka, eti anaandika wosia. Kaka akawaambia nyamazeni, mwacheni.

Dakika zimeisha. Amesimama sasa hivi kati ya paleti, mikono yote miwili juu, mzima na mbovu. Hawacheki tena. Baridi imerudi leo, natoa moshi. Mguu wangu wa kulia tayari unajua kitu ambacho mimi sijui bado. Ananiita – siyo Kwanini, ananiita mdogo wangu – anasema njoo, usiniangalie mimi, sikiliza tu vikucha. Nafunga daftari.