Kumbatio la Pili

Jumatatu, 9 Juni

Nimefika. Mgongo umekufa, mwenyewe bado napumua. Nimepanga chumba cha uani kwa fundi viatu na mkewe. Mzee mpole. Mama ndiye mwenye sauti – ameshanibatiza Bwana Picha, na kasema kitambi changu kimeingia mlangoni kabla ya kamera. Sina la kujitetea.

Binti yao wa pekee anasafiri kesho kwenda kuanza kazi, maabara ya kiwanda cha maziwa. Keshokutwa anatakiwa aripoti. Nyumba nzima inanukia pasi na nguo mpya. Nimejialika kumsindikiza. Mhariri wangu anataka watu walio safarini, tena wenye “hisia”. Haya, hisia hizo!

Jumanne, 10 Juni

Nimefanya ujinga. Hapana – ubaya.

Mama alibaki nyumbani na goti lake bovu, tukaenda stendi watatu. Utingo akagonga bodi ya basi, twende, twende! Baba akamkumbatia binti. Kumbatio lenyewe! Na mimi? Kifuniko cha lenzi bado kimefunga. Mtu mzima, na nywele hizi za mvi.

Basi nikatoa ile sauti yangu ya asali: “Mzee wangu, rudieni kidogo tu. Geukia huku kwenye mwanga.” Mzee akacheka, akaweka kofia sawa.

“Mjomba, basi!” binti akasema.

“Halitoki hilo, bado linapiga miayo,” nikamjibu.

Nikapiga. Nikaomba moja ya mwisho. Nikapiga.

Likatoka. Begi la binti liko juu ya keria! Tulilikimbiza – mimi hatua chache tu, kitambi kikakata rufaa. Basi jingine ni Ijumaa.

Nyumbani mama akaja juu: mtoto yuko hapa, begi liko njiani, mmefanya nini huko? Nikafungua mdomo. Baba akaniwahi.

“Mimi. Nilimng’ang’ania.”

“Kama kupe! Mwanamume mzima!”

Binti akanitazama. Nikaufunga mdomo. Halafu nikaufungua tena – kula. Nikaongezwa, nikapokea.

Jumatano, 11 Juni

Jana hiyohiyo nilimtumia mhariri picha. Ndiyo, jana hiyohiyo! Mkono una mazoea yake. Leo kajibu: ndiyo itakayokaa kwenye jalada. Anayasifu macho ya binti juu ya bega la baba, eti uchungu wote wa kuagana umemwagika pale.

Nimeikuza picha. Kuagana gani! Anatazama basi linaondoka.

Na mimi niliyaona macho hayo. Yalinijaa kwenye lenzi, yamemtoka. Sikujiuliza anaona nini. Nilifurahi, nikabonyeza.

Mtaa mzima umeshapata habari. Wanamwita baba “Fundi Gundi”, eti kamganda mtoto kama soli. Anacheka nao. Nimemfuata kibandani, nikamwambia leo nitamweleza mama ukweli. Misumari ikiwa mdomoni, akanijibu kwamba mgeni haaibishwi nyumbani kwake, nivute kigoda. Angenitukana ningepona.

Sikumweleza mama.

Alhamisi, 12 Juni

Msimamizi wa binti kule kiwandani kapiga simu. Kuna mwingine anaimezea mate ile nafasi. Kung’ang’aniwa na baba kwake si sababu – kasema aliyedekezwa hivyo abaki nyumbani adekezwe. Binti kamwomba azungumze na mtu mzima mwingine aliyekuwepo stendi. Kakubali. Atapiga baada ya chakula cha mchana.

Binti kaja mlangoni kwangu. Hakufoka.

“Mjomba, wewe fundi wa kupanga watu. Leo jipange.”

Nimemwomba niipokelee simu huku uani. Haiwezekani: mtandao unashika sebuleni tu, na simu yenyewe mbovu, haisikiki mpaka iwekwe spika. Sebuleni yupo mama na majirani wawili, wanachambua mboga na kumchambua baba. Baba mwenyewe kaja kula.

Naandika haya nikijidai natafuta miwani. Ninayo usoni.

Inaita! Mama anapaza sauti: “Bwana Picha! Njoo umweleze bosi jinsi king’ang’anizi huyu alivyotuharibia!” Majirani wanaangua kicheko. Nimeitikia, naja, mama.

Baba anakohoa kule sebuleni. Si mafua. Ananionya ninyamaze –