Nani Alivuta Handibreki

Quartzsite, Arizona
4 Februari 1998

Lowell,

Bango la "INAUZWA" nimeling'oa na nimelitupa jalalani.

Haya, sasa salamu. Hujambo mwanangu? Mkeo na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila nimechafukwa. Nilitoka kufua nguo jana nikakuta bango limebandikwa kwenye kioo cha gari-nyumba langu, nyumba ninamolala. Nikamuuliza jirani yangu Orrin, akasema ni wewe uliyemwomba kwa simu. Mwanangu ninayemsifu kwa kambi hii nzima ya magari-nyumba, kwamba anajenga madaraja na hakuna lililowahi kutikisika!

Najua amekueleza nilivyokokota kigari changu chekundu nyuma ya gari-nyumba, magurudumu yakiwa yamekamatwa na breki. Sasa nisikilize mimi. Siku ile nilikuwa naenda Parker. Nilikuwa nakifunga kigari nyuma kama nilivyofanya na baba yako miaka yote: chuma cha kukokotea, pini, minyororo nimeipishanisha chini, waya wa taa, na ule waya wa dharura unaokamata breki kigari kikichomoka. Anayefanya kazi hiyo hasemeshwi, kambini kila mtu anajua. Orrin akaja na kikombe cha kahawa na habari za goti lake. Nikamwambia ngoja kwanza. Akasema, "Kaa pumzika, Verna mpenzi, hizi kazi za chuma tuachie wanaume."

Akaingia kwenye kigari. Gia akaiacha huru, sawa, lakini akavuta handibreki, maana ndivyo anavyozoea akiegesha lake.

Nikafika geti la kambi, nikasimama, nikashuka kutazama. Huwa nasimama hapo kila safari, hata mvua inyeshe. Magurudumu ya nyuma ya kigari hayakuwa yamezunguka, yameburuzwa kwenye kokoto. Nikaachia handibreki, nikaondoka, nikafika Parker salama. Je, alikwambia nani aliivuta?

Nijibu upesi.
Mama yako

Prescott
10 Februari 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, watoto wanakusalimu. Samahani kwa bango, nilipaswa kukuambia kwanza.

Orrin hakusema nani aliivuta. Alisema tu "ilivutwa". Lakini Mama, hata kama ni yeye, siku moja utachoka na hutasimama getini. Baba alikuwa anakaa nyuma kutazama taa wewe ukikanyaga breki. Sasa anakaa nani? Nikifikiria ule mteremko wa Yarnell na kigari kikusukume mgongoni, silali.

Nimeshampa ahadi mtu na mkewe kutoka Yuma, wanataka kulinunua gari-nyumba. Watakuja kuliona Jumamosi ya tarehe 21. Tafadhali usiwafukuze. Chumba chako huku tumeshakipaka rangi.

Mwanao,
Lowell

Quartzsite
14 Februari 1998

Lowell mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana kukaa nilishindwa. Hamjambo lakini? Mimi bado mzima na bado nimechafukwa.

Umempa mtu ahadi juu ya nyumba yangu! Ningeipaka nyumba yako rangi ili niiuze wewe ukiwa kazini, ungenipa kahawa?

Kigari hakinisukumi Yarnell. Kina breki yake, nikikanyaga yangu nayo inakanyagwa. Juu ya mlima naweka gia ndogo, nashuka polepole, na wenye haraka wapige honi mpaka wachoke. Na taa ninazitazama. Nabana mpini wa ufagio kati ya kiti na pedali ya breki, nashuka, nazunguka nyuma, naziona zinawaka. Ufagio haujawahi kuniambia nikapumzike, wala haumpigii mwanangu simu.

Orrin nilimfuata. Nilimwambia mbele ya watu waliokuwa wakicheza karata arudie hadithi yake, na safari hii aseme nani. Akasema, "Mimi." Akaitazama kahawa yake. Basi, nimemsamehe, nimempa na kipande cha pai ya tufaha, na hakuna anayepika pai kama yangu kambi hii.

Ila umeuliza kitu kimoja cha haki: nani anakaa nyuma. Tangu baba yako afariki hakuna. Ufagio unawasha taa, lakini hauwezi kusema, "Zote zinawaka, Verna, twende." Nilikuwa nategemea siku moja ungekuja kusema wewe. Ukaleta bango.

Katika chumba mlichokipaka rangi nitalala nikija kuwatembelea. Sihamii.

Hao wa Yuma waje, nitawapa pai na kuwaonyesha minyororo inavyopishanishwa, labda watanunua la kwao kwingine. Na wewe uje, na mkeo, na watoto wote, mkae nyuma ya kigari changu, mtazame taa, kisha mpande tuushuke Yarnell pamoja. Naondoka saa tatu asubuhi, Jumamosi, tarehe 21 Februari.

Mama yako