Dawa Uliyokataa Kumwandikia Mama

Mwaka umetimia, Élisée, tangu watu wenye silaha walipokusimamisha kwenye barabara ya Kirumba, Septemba 2001, wakakuua.

Ulikuwa muuguzi wa kituo cha afya hapa Mususa, na ubishi wako ulijulikana mtaa mzima. Mzee akija na kikohozi, ulihesabu pumzi zake kwa saa yako, ukauliza anakunywa dawa gani nyingine, na mara nyingi ukamrudisha nyumbani mikono mitupu. Bibi jirani yetu, Koko Kahongya, alikukasirikia waziwazi: "Muganga gani huyu, hapana kupana dawa?"

Ukacheka. "Koko, hii kikohozi hapana ya antibiotique. Mafigo yako imechoka, dawa kali itaiumiza. Rudia kesho kutwa, nitakuangalia tena."

Asipokuja, ulimfuata kwake. Tulikupenda sana kwa hilo.

Lakini Mama alipoanza kukohoa, roho zilituruka. Ilisemwa askari wanakuja, na mama wa miaka sabini na sita angekimbiaje porini na kifua kile? Ulimpima ukasema hana homa, pumzi ni nzuri, tungoje. Dada yako Mariette alishindwa kungoja. Alinunua vidonge vya antibiotique sokoni, akavisaga, akawa anamtilia kwa siri kwenye uji asubuhi na jioni. Siku ya nne Mama aliharisha mpaka akashindwa kusimama.

Ulidhani ni kipindupindu. "Mama amekunywa nini? Munieleze, tafazali." Mariette alikuwa mlangoni, akaogopa, akanyamaza. Serumu, maji ya kumtundikia mshipani, ilikuwa imeisha kituoni, basi ukapanda pikipiki kwenda kuitafuta Kirumba.

Jioni ile Mariette alitupa vidonge chooni. Siku chache baadaye tumbo la Mama lilitulia, na muuguzi aliyeshika nafasi yako anatuambia ni vidonge vile vile vilivyomharibu. Wewe tulikuwa tumekwisha kukuzika.

Mariette ametuambia haya mwezi uliopita tu. Mama bado hajui. Jumapili, kabla ya misa, tutamsomea tangazo hili la kukukumbuka, Mariette akiwa amekaa karibu naye. Tunaogopa, Élisée. Hatujui kama Mama atamshika mkono au atamfukuza nyumbani.

Wanaokukumbuka: mama yako Kaswera, mke wako Victoire, mdogo wako Mathe, na dada yako Mariette, ambaye aliomba jina lake liandikwe mwisho.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.