Siku Ile Mama Alivuta

Hazel Fork,
Kentucky.
15 Oktoba, 2018.

Mpendwa dada Arlene,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Goti lako linaendeleaje na mvua za huko Oregon? Sisi miili ni mizima, ila moyo wangu hauna raha.

Najua Mama amekupigia simu akakubali kuhamia kwako. Amekuambia vidole vyake vimekwisha nguvu: rakuni, yule mnyama wa porini, mwenye kichaa cha mbwa alipopanda barazani, Mama alijaribu kuvuta kifyatulio cha bastola mara mbili na risasi haikutoka. Mbwa wake Pepper akaingia kati kumtetea, akang'atwa vibaya, ikabidi daktari amchome sindano ya kumpumzisha milele. Kabla hujatuma tiketi, kuna jambo lazima ulijue.

Kosa ni langu. Mwaka jana Mama alilalamika kwamba bastola ya marehemu Baba ni ngumu kuvuta. Nikajitia ufundi, nikalegeza skrubu inayobana springi ndani ya mpini. Ikawa laini ajabu, na Mama akanisifu mbele ya kanisa zima. Sikuijaribu hata kwa risasi moja. Majuto ni mjukuu.

Jumamosi niliijaribu pamoja na bastola mpya ya shemeji Wendell. Zote ni za ukubwa wa kati, za risasi sita. Ya Wendell inakwaruza ukiivuta, ni kama kufungua mlango wenye kutu, lakini risasi hamsini zililipuka zote. Ya Baba iliteleza vizuri sana, na tisa kati ya hamsini zikagoma, maana kwa springi kulegea nyundo yake inagonga risasi kinyonge. Wendell akaniambia, "Shemeji, hii umemtengenezea mama yako ya kuchezea." Niliona aibu.

Jana baada ya ibada nilimweleza Mama yote. Aliitazama mikono yake.

"Kumbe nilivuta?"

"Ulivuta, Mama. Mara zote mbili."

Akalia. Sijui alimlilia Pepper au vidole vyake. Alinipakulia biskuti, vile vimkate vyake laini, na mchuzi wa soseji, lakini hakula nami.

Skrubu nimeikaza. Sasa inalipua kila risasi, ila Mama haiwezi tena. Alijaribu mbele yangu bila risasi ndani, kifyatulio kikaishia nusu. Ya Wendell nayo ikamshinda. Akaziweka zote mezani, akasema, "Mwambie Arlene atume tiketi. Lakini mwambie siku ile nilivuta."

Basi nimekuambia, dada. Akifika, usimwambie mikono yake imechoka.

Nisalimie shemeji Russ na binti yenu Joelle. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Mdogo wako akupendaye,
Delmer