Sema Hadithi, Usiseme Mahali

Garissa,
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa dada yangu Zena,

Assalaam alaikum. Naanza kwa kukuamkia, shikamoo, kwa sababu Mama alitulea hivyo na hasira haifuti malezi. Goti la Mama linaendeleaje? Yale majani aliyopewa na jirani yamemsaidia, au yamemchubua ngozi tu? Na Saumu wako, meno ya mbele yameshaota? Mbusu kwa niaba yangu, yeye hana kosa.

Mimi ni mzima wa afya. Maziwa ya ngamia yamenijaza mashavu hadi buibui ulilonishonea linanibana. Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo maishani, na nina hasira nawe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, na zote mbili zinalala kwenye kifua kimoja. Naandika kwenye karatasi kwa kuwa simu hupokei. Ujumbe wangu umeusoma, alama za buluu nimeziona, kisha kimya. Karatasi huwezi kuizima. Anakuletea binamu yake mume wangu, anayekuja Malindi kwa basi la kesho, na nimemwagiza aiweke mkononi mwako Mama akiwa amesimama hapo hapo.

Kwanza nikwambie habari za mume wangu, maana tangu harusi hujaniuliza hata mara moja. Dada, sikujua mwanamume anaweza kuwa hivi. Abdinasir akiamka huniwekea maji ya kuoga kivulini ili yasichemke na jua, maana hapa saa tatu asubuhi bomba linatoa maji ya chai. Akinitafsiria maneno ya mtu, hunitazama mimi, hamtazami anayeongea, mpaka wazee wanacheka. Anasema "fideo" badala ya video na "baka" badala ya paka, na nikimcheka anarudia makusudi. Safarini, kwenye vizuizi, askari humteremsha yeye na kugeuza kitambulisho chake mara tatu, mimi wa Malindi nikiachwa nimekaa. Siku moja askari akanong'ona kuniuliza kama nimechukuliwa kwa nguvu. Nilikasirika hadi machozi. Abdinasir alicheka tu, akamwambia, "Afande, huyu ndiye alinichukua mimi." Nampenda, Zena. Nampenda hadi naona aibu kuandika.

Na kazi yetu ya video niliipenda karibu hivyo hivyo. Yeye anahoji, mimi nashika kamera, wewe huko kwenye mtandao wa kasi unahariri na kupakia. Kule Dadaab tulimrekodi dereva wa lori la maji aliyemwita kila mteja kwa jina la mtungi wake. Liboi tukampata mama muuza chai anayejua mfanyabiashara ametoka upande gani wa mpaka kwa vijiko vya sukari anavyoomba. Zile ulizihariri vizuri, na nilijivuna kwa wakwe zangu kwamba dada yangu ana mkono wa dhahabu.

Sasa njoo Takaba.

Tulifika huko kwa kupitia Wajir, juu ya lori la mbuzi, tumepakwa vumbi kama tumesingwa tena. Kutoka mjini tukaenda nusu siku nyingine hadi kwa shangazi wa mama mkwe wangu. Anaitwa Dahabo, na sote tunamwita Ayeyo, yaani bibi. Hapo mvua ilikuwa imeshuka, ilhali pande zote tulizopita ardhi ilikuwa imepasuka kama kisigino. Palikuwa na nyasi za magotini, na silanga lake, bwawa la kuchimbwa, lilikuwa limejaa hadi ukingoni, limezungushiwa ua wa miiba.

Tulipokaribia, Ayeyo alisimama akafungua mikono akasema, "Soo dhowow, soo dhowow," yaani karibuni. Kumbuka neno hilo.

Hadithi yake unaijua, uliikata mwenyewe, lakini nakuandikia uione kwa macho yangu. Alipokuwa bibi harusi kama mimi, alikuwa anakwenda na punda kuteka maji, kutwa nzima kwenda na kurudi. Mumewe akamwambia hakuoa ili mkewe anuke punda. Akaanza kuchimba. Kwa jembe na ngozi ya ngamia ya kubebea udongo, kila kiangazi kipande, watu wakimwita mwendawazimu. Mvua ya kwanza iliyolijaza silanga ilikuta wana watoto watatu. Ayeyo alicheka akisimulia, meno mawili tu yamebaki. Akasema, "Mpaka leo nikioga ninamkumbuka." Abdinasir alipotafsiri hilo alinitazama kwa namna ambayo ilibidi nijifanye ninafuta kioo cha kamera.

Kabla hatujawasha kamera Ayeyo aliweka sharti moja. Alimshika Abdinasir mkono akamwambia, "Sema hadithi, usiseme mahali." Abdinasir akampa neno lake.

Wewe wa pwani utauliza kwa nini, kama nilivyouliza mimi. Huku mvua hainyeshi kila mahali. Inanyesha hapa, pale panabaki vumbi. Kwa hiyo kila ukoo hutuma watu wa sahan, watangulizi wanaotembea siku kadhaa kutafuta majani na maji. Wakirudi huwaambia wazee wao peke yao, na wazee huenda kuongea na wenye mahali hapo kabla ukwato mmoja haujasogea. Wanakubaliana ni wanyama wangapi, kwa siku ngapi, nani anywe kwanza. Mahali penye nyasi hapatangazwi, Zena. Panaombwa.

Nawe ukapatangaza. Uliandika jina la mahali kwa herufi za njano. Ukaweka ramani yenye mshale mwekundu. Ukaipa kichwa "Pepo ya Kijani Karibu na Takaba". Na ile "soo dhowow" ya Ayeyo, aliyotuambia sisi wawili, jamaa zake, ukaichomoa ukaiweka mwanzoni kabisa, na chini yake ukaandika "Karibuni Nyote".

Nilipokupigia ulisema video bila mahali ni pilau bila nyama. Ukasema watazamaji wanauliza ni wapi, na hii ndiyo ya kwanza kusambaa hivi, nisiwe na wivu. Nikakueleza habari ya sahan, ukaniambia, "Umeolewa juzi tu, ushakuwa Msomali kuliko wao." Nikakuambia watu watakuja. Ukasema ukame hukuuleta wewe. Ukakata.

Walikuja. Abti, mjomba wake Abdinasir aliyeko Takaba, alitupigia. Walikuja kwa miguu na kwa malori, wengine kutoka mbali hata lahaja yao Ayeyo hakuizoea. Siwalaumu, mtu ambaye ng'ombe wake wanaanguka haulizi mshale umechorwa na nani. Ayeyo alisimama kwenye lango la miiba kuwauliza wamezungumza na nani. Wakamwonyesha simu. Yeye mwenyewe ndani ya simu, mikono wazi, anasema karibuni. Kijana mmoja akamwambia kwa heshima kabisa, "Ayeyo, si wewe uliyetuita?"

Unaelewa ulichofanya? Huku mtu mzima akishasema karibu, halimezi tena. Angeweza kusema ni uongo, kwamba hakuwaambia wao. Lakini sauti ni yake na uso ni wake. Akasogea kando ya lango. Mwanamke yule alifunguliwa mdomo na mtu aliyekaa Malindi mbele ya feni, akageuzwa mwenyeji wa watu asiowajua, akanyamaza ili asionekane mnyimivu.

Ua uliangushwa siku ya kwanza. Wanyama waliingia majini badala ya kutekewa, na silanga ambalo lingemfikisha kwenye mvua za mwisho wa mwaka likawa tope. Ayeyo amehama na mbuzi wake wenye mimba, kwa miguu, kuelekea kwenye kisima cha mashine kilichoko mbali. Ana umri wa nyanya yetu Malindi, ambaye wewe humruhusu hata kwenda dukani peke yake.

Wazee wa upande wa mama yake wakamwita Abdinasir Takaba. Alikwenda bila mimi. Walimuuliza jambo moja: nani aliyeandika mahali? Akajibu, "Mimi."

Hawakumtoza kitu. Afadhali wangemtoza. Walichofanya ni hiki. Huku watu wakikutana, salamu ni mlango tu. Baada ya "nabad", amani, huja habari: nani amehamia wapi, nani amezaa, mvua imeonekana upande gani. Habari ndiyo heshima ya mgeni. Sasa Abdinasir akifika mahali wanamjibu nabad, wanampa chai, wananyamaza. Njia nzima ya kurudi, kutoka Takaba hadi Wajir, hakupewa habari hata moja. Watu wanatazama kikombe chake mpaka amalize. Mwanamume anayeishi kwa kusikiliza watu, Zena. Amerudi nyumbani ameifunga kamera ndani ya kikoi, ameiweka juu ya kabati la mama yake, na hataki kuizungumzia.

Nilimuuliza kwa nini amesema ni yeye. Alikuwa anavua viatu. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mtu hawezi beleka dada ya bibi yake mbele ya wazee. Hiyo ni aibu yangu."

"Lakini hukuandika wewe."

"Neno nilibeana mimi, Rukia. Siyo yeye."

Basi nikalia, na sikujua ninalia kwa mapenzi au kwa hasira, na mpaka sasa sijui. Mwanamume wa namna hii umemwona wapi, Zena, hata umchezee? Anakuita shemeji kwa adabu zote. Amekubeba mgongoni mbele ya watu wake, nawe hupokei simu.

Sasa nikuulize. Jina lile ulilitoa wapi? Kwenye kadi ya kamera halikuwamo. Abdinasir hakulitamka. Nililizunguka swali hili siku tatu nikitaka jibu jingine, na halipo. Nilikutumia mimi. Usiku ule tulipolala kwa Ayeyo nilikurekodia sauti, nikijisahau kwa furaha. Nilikuambia nimelala chini ya nyota na mume wangu, nikakutajia mahali, vilima viwili, na lori linakunja wapi, nikakuambia ulikumbuke jina hilo maana binti yangu wa kwanza nitamsimulia. Nilikuambia wewe kama dada, Zena. Sikulipeleka kwa mhariri. Lakini sharti la Ayeyo nililisikia kwa masikio yangu, na sikujua kwamba dada yangu naye ni watu wa kufichwa. Hasira yangu nusu ni yangu mwenyewe. Nusu yako nakuletea hii, usiikatae.

Ijumaa nilimwambia mama mkwe ukweli wote. Nilidhani atanifukuza. Alichoma ubani, akaninywesha chai, kisha akampigia Abti, naye akatuma mtu na simu hadi kambini kwa Ayeyo. Nikaongea, mama mkwe akitafsiri. Nikamwambia Ayeyo kwamba jina lilitoka kinywani mwangu, na dada yangu akaliandika, na Abdinasir hana hatia. Abdinasir alikuwa mlangoni. Ni mara ya kwanza amenikasirikia tangu tuoane, akatoka nje bila viatu kwenye mchanga wa moto.

Nilisikia mbuzi. Ayeyo hakuniuliza kwa nini, wala hakunilaani. Aliuliza kitu kimoja tu, na mama mkwe akanigeuzia: "Imefutwa?"

Zena, yeye hana simu ya kutazama. Hataweza kuhakikisha. Atakalosikia kwangu ndilo atakalowaambia wazee, na wazee kwa neno lake watamrudishia mume wangu habari au hawatamrudishia.

Nikasema ndiyo.

Nimemwambia ndiyo, imefutwa. Mwanamke aliyehamishwa kwenye maji yake nimemdanganya, siku ya Ijumaa, udhu wangu haujakauka. Akasema, "Mashallah," akakata. Tangu hapo sijala vizuri. Nenosiri unalo wewe peke yako. Siku yoyote kijana yeyote atakayepita na mbuzi anaweza kumwonyesha simu, nami nitakuwa mwongo wa mara ya pili mbele ya mtu mmoja.

Kwa hiyo sikuombi kama mdogo wako, wala sikuombi unielewe. Weka karatasi hii chini, chukua simu, uifute Mama akikutazama. Usiifiche, usiibadilishe kichwa, usiipunguze. Kama ina watazamaji wengi, basi wengi wasione. Ukimaliza usinipigie kunieleza ulivyoumia. Mwambie huyo binamu neno moja, atalibeba.

Nisalimie Mama, na umwambie asikuonee huruma kabla hujamaliza. Nisalimie Baba, na mwalimu wetu wa chuo aliyetufundisha kusoma, na mama mdogo wa Mambrui aliyenipaka hina; mwambie imeshafifia ila mume wangu bado anaitafuta kwenye viganja vyangu. Mjomba fundi baiskeli naye, na watoto wote wa uani.

Mama mkwe anakusalimu. Abdinasir pia anakusalimu, shemeji yake. Nimemuuliza mara mbili kama niandike hivyo, na mara zote mbili amesema niandike.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda na sitaki kukuona mwezi huu,

Rukia, ambaye amesema ndiyo na anangoja uifanye kweli.