Kisigino Cheusi cha Ngoie Mudogo

Yaya Ngoie,

Nimekaa mulangoni pa jikoni, pale ulipopenda kukaa ukichambua majani ya sombe. Mutoto amelala mugongoni mwangu. Nimechoka, yaya, lakini nisipokuandikia leo sitapata usingizi.

Huyu mutoto hukumuona. Ulipotuacha alikuwa bado tumboni. Ni mwanamuke, nikamupa jina lako. Mama anamusalimia kwa heshima kama mutu mukubwa, halafu anaenda kulia nyuma ya nyumba.

Kura imerudiwa. Ile ya siku uliyotuacha walisema imeharibika, basi wametuita tena kwenye shule ileile, mulango uleule wa chuma. Tangu uende mengi yameanguka hapa. Risasi zililia, maduka yakafungwa, wanafunzi wa chuo cha Kasapa wakarudi kwao na magodoro kichwani. Mama wa pale kona hana tena samaki ya Pweto ya kuuza, barabara imekatika. Na chama chetu cha bamama, kile ulichokianzisha ili watu wapige kura bila kuibiwa na bila kuumizana, kilibaki karibu kufa. Walisema: "Ngoie alikufa juu ya kura ya bantu bengine. Siye tuko na batoto."

Hata mimi niko na mutoto. Huyu hapa.

Unakumbuka mambo ya kuazima watoto, kwenye kura ya miaka ile ya nyuma? Ulikuwa umepanga kwamba wazee, wenye mimba na mama mwenye mutoto wapite mbele. Loo, mara moja mutaa muzima ukazaa! Mutoto wa jirani alipita na mama wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Hata kijana mumoja wa ndevu alikuja amemubeba mutoto wa watu, kitambaa kimefungwa ovyo, miguu ya mutoto imetokea begani. Mustari ukaanza kuchemka, watu wakakunja ngumi. Wewe hukugombana na mutu. Uliomba kipande cha makala, kaa lililozimika, kwenye jiko la mbabula la muchoma mahindi, ukapaka kisigino cha kila mutoto aliyeingia. "Huyu amekwisha kupiga kura! Akirudi tena ni mwizi!" Watu wakacheka mpaka ngumi zikafunguka.

"Mustari yenye kucheka haikanyagake muntu," ulituambia tukirudi nyumbani.

Lakini siku uliyotuacha hakuna aliyecheka. Karatasi za kura zilichelewa, jua likawa kali, mutu akapiga kelele kwamba zimeisha. Haikuwa kweli, yaya. Haikuwa kweli hata kidogo. Na mulango ulifunguliwa upande mumoja tu, watu wakakanyagana. Waliniambia ulikuwa umeinama kumuinua mama mumoja aliyeanguka. Yule mama alipona. Nimemuona sokoni. Alinishika mikono.

Basi safari hii nilienda asubuhi mapema kwa mukubwa wa kituo. Nikamuomba afungue pande zote mbili, watu waingie mbele, watokee nyuma. Akasema ufunguo wa nyuma umepotea. Nikakaa chini mbele ya meza yake, nikaanza kunyonyesha. "Papa, niko hapa mpaka ufunguo ipatikane." Ulipatikana.

Watu wa mugombea mumoja wakatuletea maji na majile ya kuvaa juu ya nguo, yenye sura yake. Tulikuwa na kiu kweli. Nikakumbuka neno lako: "Ukikunywa maji yake, utachunga mulango yake." Tukachota kisimani, tukavaa vitenge vyetu tu. Mama Odile, yule jirani yako wa ukuta mumoja, ndiye aliyekuwa mushuhuda wetu ndani. Tulipatana awe anatoka kila mara kuwaambia watu kama karatasi bado ziko.

Bamama wa chama waliokuja walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Hata wale waliokimbia vita kule Mitwaba, wasio na kura hapa, walikuja kutusaidia kushika wazee mikono.

Na mutu akapiga kelele tena. Maneno yaleyale: "Karatasi zimeisha!"

Yaya, nilisikia mustari ukivuta pumuzi. Mabega yakaanza kusukuma. Odile alikuwa bado ndani. Sauti yangu unaijua, haifiki mbali. Nikamushusha mutoto, nikamupaka kisigino kwa makala niliyokuja nayo kwenye kitenge, nikainua huo muguu juu kabisa, nikalia kwa nguvu zangu zote: "Huyu amekwisha kupiga kura! Akirudi tena ni mwizi!"

Bibi mumoja akasema, "He! Ngoie amerudi," akacheka, na machozi yakimutoka. Kicheko kikatembea kikarudi nyuma mutu kwa mutu. Mabega yakalegea. Odile akatoka: "Ziko! Nimeziona na macho yangu!"

Hakuna aliyeanguka. Nilikaa pale mpaka wa mwisho, muzee wa fimbo, akapita na kidole chake cha wino. Hakuna aliyeanguka, yaya. Ndilo nililotaka kukuambia.

Mama ameleta beseni amuogeshe mutoto. Nimemuambia amuogeshe mwili wote, kisigino akiache. Nitakiosha mimi mwenyewe, kesho. Na kura ingine ikija, nitakuwa pale mulangoni, pande zote mbili wazi, na makala mukononi. Akikua nitamuonyesha pa kusimama.

Pumuzika sasa. Mulango ninao mimi.

Mudogo wako,
Solange