Jina Lililobaki Kwenye Karatasi ya Ukoo wa Munro

Rehema mwanangu,

Kakako ameniwekea kiti karibu na dirisha hapa Al Wakrah, nje kidogo ya Doha, na leo nina nguvu kidogo, kwa hiyo naandika. Wewe utaipata barua hii kwanza, kisha ndugu wa kanisa wataichapa kwenye jarida lao. Uongo niliusema mbele ya watu. Sioni kwa nini ukweli niuseme kwa kunong'ona.

Unakumbuka siku ile ulipotoka kazini na furushi? Ulikuwa mwaka wako wa pili hapa Doha, nami nilikuwa nimekuja kukutembelea kwa mara ya kwanza. Yule sista mzee kutoka Uskoti, mkubwa wako wodini, alikuwa ameliona jina Munro kwenye beji yako. Akakueleza kwamba kwao hilo ni jina la ukoo mzima, wenye mkuu wake na kitambaa chake cha miraba myekundu wanachokiita tartani. Alipotoka likizo alikuletea skafu ya kitambaa hicho. Wewe hukuivaa hata siku moja. Ulinizungushia mimi shingoni kwa sababu ya baridi ya viyoyozi, ukasema, "Baba, sasa umevaa vya kwenu."

Ijumaa iliyofuata, maana huku ndiyo siku ya ibada, tukaenda nayo kanisani Mesaimeer. Langoni tukamkuta Musa, yule mlinzi wa hoteli, mtu wa Narok.

"Shikamoo mzee. Shuka hii umenunua kwa Wamasai wa wapi?"

Watu walicheka. Ningecheka nao, yangeisha. Badala yake mimi, mwalimu wa historia niliyestaafu, nilijinyoosha nikawaeleza kwamba babu yangu alikuwa Mskoti, fundi wa reli aliyeoa Mombasa. Musa akasema kumbe mimi ni mzungu niliyeungua jua, akanikaribisha chai. Tangu hapo kila Ijumaa waliulizana kama Mzungu amefika, nawe ulikuwa ukinishika mkono huku ukicheka.

Hadithi hiyo hukuisikia pale kwa mara ya kwanza. Ulikuwa darasa la sita uliporudi nyumbani ukilia kwa sababu watoto walikuita kizazi cha mateka. Ndipo nilipombuni yule fundi. Ulifuta machozi, ukala chakula chako. Nikaona dawa imefanya kazi, nikaendelea kukunywesha.

Ukweli ni huu. Babu yangu alikuwa mtoto wa Kiyao. Alitekwa upande wa Ziwa Nyasa, akapakiwa kwenye chombo kilichokuwa kikielekea Ghuba, huku huku nilikoketi mimi sasa. Manowari ya Waingereza ilikikamata njiani, na watoto wakashushwa misheni karibu na Mombasa. Wamishenari walikuwa na desturi: muumini wa Ulaya akitoa sadaka ya kumtunza mtoto mmoja, mtoto hubatizwa kwa jina la muumini huyo. Aliyemtunza babu aliitwa Munro. Hawakuonana maisha yao yote. Hayo nilisimuliwa na baba yangu, na nilipokuwa kijana niliyasoma mwenyewe katika kitabu cha ubatizo. Nilikifunga nikaapa kwamba hakuna atakayeyasikia kutoka kwangu.

Mara moja nilikaribia kukuambia. Ulikuwa huna zamu, ukanipeleka Msheireb kwenye nyumba ya makumbusho inayoeleza habari za utumwa. Ulisimama mbele ya ramani yenye mistari inayotoka pwani yetu kuja huku, ukasoma kila neno. Kisha ukasema kwa sauti ya chini, "Afadhali sisi hatukupitia haya, Baba."

Nikasema magoti yananiuma. Ulinikalisha kwenye benchi, ukachuchumaa ukanisugua magoti yasiyouma. Sijapata kuona aibu kama ile, na haikuwa aibu ya babu.

Sasa uko Uskoti kwenye hospitali mpya. Juma lililopita ulinipigia simu kunieleza kwamba ukoo wa Munro utakusanyika majira ya joto, kwamba umealikwa kusimama na kusoma nasaba yako, na kwamba kwenye karatasi yako imebaki nafasi moja tu, jina la kwanza la huyo fundi wa reli. Ukasema, "Nitajie, Baba, nimalize." Nikajibu kwamba nimesahau.

Daktari amezungumza na kakako nje ya mlango, nami nimeelewa. Hilo halinitishi. Kinachonitisha ni wewe kusimama mbele ya watu ukiwa na uongo wangu mkononi.

Andika Ngwale. Ndilo jina alilopewa na mama yake, na hakumwambia mtu mpaka alipomrithisha baba yangu.

Wala usiache kwenda. Waambie hukuja kudai damu, umekuja kuwaonyesha jina lao lilifika wapi. Huenda mmoja wao amesikia habari za mzee wa kwao aliyetuma sadaka Afrika asijue ilimlisha nani. Ukimpata, mshukuru kwa niaba yetu. Halafu, kwa kuwa umeshajua kutafuta ukoo, geukia na Ziwa Nyasa. Huko nako wapo watu waliopotelewa na mtoto.

Juzi Musa alikuja kunijulia hali, nikamweleza yote. Alinimiminia chai, akasema, "Basi shikamoo upya, mzee Ngwale." Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo, nami nikaitika marahaba kama mtu aliyezoea.

Skafu ningali nayo shingoni. Ukishasoma, nipigie uniambie kama niivue. Nadhani utaniachia.

Baba yako,
mjukuu wa Ngwale